Vumbi la mchorongaji si ajali, na kinga yake ipo

"Ajali haina kinga." Ndivyo tunavyosema Waswahili kila mtu anapopoteza maisha kazini. Kisha tunachanga rambirambi, tunazika, na maisha yanaendelea. Kwa mgodi ulioporomoka usiku au gesi iliyolipuka ghafla, pengine msemo huo unawafariji wafiwa. Lakini kuna kifo kingine cha mgodini ambacho hakina kishindo, hakiandikwi magazetini, na mara nyingi humkuta mtu nyumbani kwake, miaka kumi au ishirini baada ya kuacha kazi. Hicho ni kifo cha vumbi. Kifo hicho hatuwezi kukiita ajali, maana kinga yake imejulikana kwa zaidi ya miaka mia moja.

Ndugu msomaji, leo naomba tulizungumzie vumbi hilo, na hasa lile linalotoka kwenye tundu pale mtu anapochoronga mwamba katika mgodi wa makaa ya mawe.

Sababu ya kulileta jambo hili ukumbini ni kwamba Tanzania imeshaingia kwenye biashara ya makaa ya mawe kwa miguu miwili. Tuna Kiwira, tuna Ngaka kule Mbinga ambako uchimbaji ulianza mwaka 2011, na hadithi ya Mchuchuma wilayani Ludewa tumeisikia tangu tukiwa shule. Mwaka 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine, wanunuzi wa Ulaya walianza kuhangaika kutafuta makaa ya mawe mahali pengine, na bandari ya Mtwara ikajikuta inapakia makaa kwenda nje. Tulishangilia, na mimi nilikuwa mmojawapo. Tuliulizana ni tani ngapi, dola ngapi, na barabara ya malori itajengwa lini. Swali ambalo sikulisikia ni hili: yule kijana anayeshika mashine ya kuchoronga anavuta hewa gani?

Swali hilo limewahi kupimwa, tena kwa vifaa. Mwaka 2003 na 2004 watafiti wa Kitanzania wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Bergen, Norway, waliwafungia wachimbaji 90 wa mgodi mmoja wa makaa ya mawe nchini Tanzania vifaa vidogo vya kukusanya vumbi wanalovuta wakiwa chini ya ardhi. Walikusanya sampuli 134, na matokeo yakachapishwa mwaka 2006. Kipimo walichokitumia kama kikomo cha usalama ni miligramu 0.9 za vumbi la makaa kwa kila mita ya ujazo ya hewa. Watu waliokuwa wakichoronga mwamba ili kufungua njia mpya za mgodi walikutwa wakivuta miligramu 17.37. Hiyo ni zaidi ya mara 19 ya kikomo.

Lakini subiri, hilo bado si baya zaidi. Ndani ya vumbi hilo kulikuwa na silika, yaani yale madini magumu yanayoufanya mchanga ung'ae juani. Silika ikisagwa ikawa unga, ni sumu kwa mapafu kuliko makaa yenyewe. Kikomo kilikuwa miligramu 0.05. Wachorongaji walikuwa kwenye 0.611, zaidi ya mara 12.

Sasa linganisha na wenzao. Katika mgodi huo huo, siku zile zile, kikosi cha usafirishaji chini ya ardhi hakikuwa na sampuli hata moja iliyovuka kikomo. Ajira ni ya mgodi mmoja na wote wanashuka chini, lakini mmoja anarudi nyumbani na mapafu salama na mwingine anarudi na sumu. Tofauti kubwa kati yao ilikuwa ni kuchoronga. Watafiti wenyewe walihitimisha kwamba udhibiti wa vumbi uanzie kwa wanaochoronga na kulipua katika sehemu za kufungua njia. Vipimo hivyo vina umri wa zaidi ya miaka 20 na huenda mengi yamebadilika pale, lakini somo lake halijazeeka: ukitaka kujua mgodi unawajali watu wake, usiende ofisini kuangalia mabango ya usalama. Nenda kasimame karibu na mtu anayechoronga.

Kwa nini kuchoronga? Wengi wetu tunadhani mchimbaji wa makaa anatoboa makaa tu. Sivyo. Ili kuyafikia makaa ni lazima upite kwenye mwamba. Ukishayafikia, ni lazima utoboe dari ya mgodi na kupachika nondo ndefu za kuushikilia mwamba usiwaangukie watu, na dari hiyo kwa kawaida ni mawe yenye silika. Kwenye mgodi wa wazi, kama ilivyo Ngaka, kabla ya kulipua tabaka la juu hutobolewa mashimo mengi ya kuwekea baruti. Keekee inasaga jiwe, na hewa ya kompresa inasukumwa ndani ya tundu ili iutoe ule unga. Hewa hiyo ikitoka inakuja na wingu, na mwenye mashine yuko hapo hapo mdomoni mwa tundu, pua yake ikiwa umbali wa mkono mmoja.

Unga unaouona kwenye nguo na nyusi si ndio wenye kesi kubwa. Chembe hizo ni nzito, nyingi hukwama puani na kooni, ukipenga zinatoka. Inayoua ni ile usiyoiona, chembe ndogo mara kadhaa kuliko unene wa unywele, ambayo inaelea hewani muda mrefu baada ya wingu kutoweka, inashuka hadi mwisho wa mapafu na kubaki huko. Mwili unajaribu kupambana nayo unashindwa, unaweka kovu. Kovu juu ya kovu, mapafu yanakuwa magumu kama sifongo iliyokauka. Hakuna dawa ya kuyarudisha yalivyokuwa.

Kwetu sisi kuna la ziada. Mtu mwenye silika mapafuni hupatwa na kifua kikuu kwa urahisi zaidi kuliko mwingine. Na hata asipopatwa nacho, dalili zinafanana: kikohozi, kukonda, kifua kubana. Anakwenda zahanati, anaambiwa ni TB, anapewa vidonge vya miezi sita, hapati nafuu, majirani wanaanza kunong'ona. Wapo watakaosema amerogwa. Wapo watakaosema ni ule ugonjwa mwingine. Hakuna atakayeandika kwenye cheti kwamba ameuawa na mashine ya kuchoronga.

Nilisema kinga inajulikana kwa zaidi ya miaka mia moja, na naomba nithibitishe. Mwishoni mwa karne ya 19, fundi mmoja wa Denver, Marekani, aitwaye J. George Leyner alitengeneza mashine ya kuchoronga yenye chuma chenye uwazi katikati, hewa ikipita ndani yake kusafisha tundu. Mashine ilikuwa na kasi ajabu, lakini ilitoa vumbi kiasi kwamba wachimbaji waliikataa. Leyner akairudisha karakana, akapitisha maji kwenye ule uwazi pamoja na hewa. Unga ukatoka ukiwa tope badala ya wingu. Mashine kavu za zama hizo wachimbaji walizipachika jina la "mtengeneza wajane". Walijua walichokisema.

Pamoja na kujua huko, angalia kilichotokea Hawk's Nest, jimbo la West Virginia. Mwaka 1930 ilianza kazi ya kutoboa handaki la kilomita kama 5 kupita mlimani ili kupeleka maji ya mto kwenye mitambo ya umeme. Mwamba ulikuwa silika karibu tupu. Wafanyakazi wengi walikuwa watu weusi kutoka majimbo ya kusini waliokuwa wakikimbia njaa ya miaka ile. Mashahidi walieleza baadaye kwamba uchorongaji ulifanywa kukavu, kwa sababu maji yalionekana yanachelewesha kazi. Kampuni ilikiri vifo 109. Kikao cha Bunge la Marekani mwaka 1936 kilitaja vifo 476. Mtafiti Martin Cherniack, aliyechambua upya kumbukumbu miaka mingi baadaye, alikadiria 764. Watu hao wote maji yangewaokoa, na walikuwa wakitoboa mlima ili kuyapitisha maji!

Nawasikia wanaosema hayo ni ya zamani, Marekani ya leo imeendelea. Ni kweli ilijifunza, ila naomba tuangalie ilivyojifunza. Novemba 1968 mlipuko wa mgodi wa Farmington uliua wachimbaji 78. Februari 1969 wachimbaji wapatao 40,000 wa West Virginia waliweka zana chini wakidai fidia ya ugonjwa wanaouita mapafu meusi. Mwaka huo huo ikapatikana sheria ya nchi nzima, na kufikia Desemba 1972 kikomo cha vumbi kilishushwa hadi miligramu 2. Agosti 2016 kikashushwa tena hadi 1.5. Ugonjwa ulipungua sana kwa miaka mingi, kiasi cha watu kuamini kwamba vita imekwisha.

Haikuwa imekwisha. Mwaka 2018 iliripotiwa kwamba kliniki tatu tu za kusini-magharibi mwa Virginia zilikuwa zimepokea wagonjwa 416 wa hatua kali kabisa ya ugonjwa huo kati ya 2013 na mapema 2017. Sababu kubwa inayotajwa ni kwamba matabaka manene ya makaa yameisha. Yaliyobaki ni membamba, na ili kuyapata ni lazima kukata na kuchoronga mawe mengi zaidi. Mawe mengi maana yake silika nyingi. Wizara ya Kazi ya huko inahesabu zaidi ya wachimbaji 76,000 waliokufa kwa mapafu meusi tangu 1968.

Wataalamu wa afya wa serikali ya Marekani walipendekeza kikomo cha silika cha mikrogramu 50 tangu mwaka 1974. Kanuni ya kukifanya kuwa lazima migodini ilitoka Aprili 2024, nusu karne baadaye. Ilikuwa ianze kutumika kwenye makaa ya mawe Aprili 2025, lakini siku chache kabla, mahakama ya rufaa ikaisimamisha kufuatia kesi iliyofunguliwa na wenye viwanda. Mwezi huo huo wafanyakazi wa taasisi inayowapiga wachimbaji picha za eksirei walipewa barua za kuachishwa, mpaka jaji wa West Virginia alipoamuru mwezi Mei warudishwe. Nchi tajiri, yenye wataalamu na maabara, inajua kila kitu na bado inabishana. Kwa hiyo tusijidanganye kwamba ujuzi peke yake unaokoa mtu. Kinachookoa ni kinachofanyika pale mdomoni mwa tundu.

Na kinachotakiwa kufanyika si sayansi ya kwenda mwezini. Cha kwanza ni maji. Yapite ndani ya chuma cha kuchorongea, yafike kwenye keekee, yaloweshe unga kabla haujapaa. Hapa nasisitiza neno "kabla". Kumwagia maji wingu lililokwisha kupaa hakusaidii sana, kwa sababu chembe ndogo kabisa huzunguka tone la maji pamoja na hewa na kuendelea na safari yake. Kwenye mashine kubwa za migodi ya wazi, utafiti umeonyesha kwamba maji ya kiasi kidogo yakipimwa vizuri huondoa zaidi ya asilimia 90 ya vumbi. Yakizidi, tundu linajaa tope na keekee inaharibika mapema. Yakipungua, ni sawa na kutokuwa nayo. Ni suala la bomba, koki, na mtu aliyefundishwa kuifungua kiasi gani.

Cha pili, pale maji yasipofaa. Makaa laini yakilowa tundu huweza kubomoka, na dari nyingine hulegea kwa unyevu. Hapo unatumia kufyonza. Mashine za kupachika nondo darini huvuta unga kupitia uwazi wa chuma mpaka kwenye sanduku lenye kichujio. Kwenye mashine za juu ya ardhi, tundu huzungushiwa pazia la mpira na vumbi likafyonzwa kutoka ndani ya pazia. Lakini pazia likichanika au likining'inia na kuacha mwanya wa zaidi ya sentimita 20 hivi kutoka chini, vumbi linatoka kama kawaida. Sanduku nalo lina mtego wake. Mtu anaweza kufanya kazi salama siku nzima, halafu akalifungua kulisafisha kwa kukung'uta, akavuta kwa dakika tano alichokwepa kwa saa nane. Ndiyo maana wenzetu wameweka mifuko ndani ya sanduku ili uchafu utolewe umefungwa.

Cha tatu ni hewa na mahali pa kusimama. Feni isukume hewa safi kutoka nyuma ya mchorongaji kwenda mbele. Mashine ya juu ya ardhi iwe na chumba cha dereva kilichofungwa chenye hewa iliyochujwa, na mlango usiachwe wazi kwa sababu ya joto. Asipangwe mtu kuchoronga upande ambao vumbi la mashine nyingine linaelekea.

Barakoa je? Barakoa ivaliwe, tena ile yenye kichujio kinachofaa, siyo kitambaa cha kufunika mdomo. Lakini iwe ya mwisho. Mwajiri anayeanza na barakoa amekwisha kubali kwamba hewa ya mgodi wake ni sumu na anamwachia mfanyakazi ajitetee. Kwenye joto la chini ya ardhi, kwa kazi ya suluba, hakuna binadamu atakayekaa na barakoa iliyobana uso saa nane. Akiivua, jioni tutaambiwa ni mzembe.

Najua hoja za upande wa pili. Ya kwanza ni gharama. Mimi nasema gharama ipo tu, suala ni nani anailipa. Bomba la maji analipia mwenye mgodi leo. Mapafu analipia mke wa mchimbaji kesho, na hospitali ya wilaya, na mtoto aliyeacha shule. Ya pili ni kwamba hatuna maji. Hoja hiyo angeitoa mtu wa jangwani ningemsikiliza, lakini si kwa nyanda za Mbinga au Kiwira, ambako mvua ndiyo inayotuharibia barabara. Ya tatu ina ukweli: wachorongaji wenyewe hufunga maji ili wamalize haraka. Hilo hutokea pale mtu anapolipwa kwa mita alizochoronga. Ukimlipa kwa mita peke yake, umemlipa afunge koki. Weka malipo ambayo mita iliyochorongwa kukavu haihesabiwi, uone kama koki haitafunguliwa.

Nini kifanyike basi? Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi tunayo tangu 2003, wakala wa OSHA tunao, Tume ya Madini tunayo, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi tunao. Naomba mambo manne tu. Moja, mkataba wa kila mkandarasi wa kuchoronga uandike wazi: bila maji au mtambo wa kufyonza unaofanya kazi, mashine haiwashwi. Mbili, vumbi lipimwe kwenye kola ya mchorongaji, siyo kwenye geti la mgodi, na matokeo yabandikwe kwa Kiswahili mahali wanapobadilishia nguo. Tatu, kila anayeingia kwenye kazi hiyo apigwe eksirei ya kifua siku ya kwanza, apigwe tena kila baada ya miaka michache, na akiacha kazi apewe nakala yake mkononi. Ugonjwa huu huja baada ya mkataba kwisha na mkandarasi kuhama, na bila karatasi hiyo hatakuwa na cha kudai fidia. Nne, hospitali za mikoa yenye migodi zifundishwe kumuuliza kila mwenye kikohozi cha muda mrefu swali moja: umewahi kufanya kazi gani?

Na sisi tulio ughaibuni tusijione tuko mbali. Vijana tunaowatumia nauli kwenda kufuata ajira migodini ni wadogo zetu na wapwa zetu. Akikupigia simu kukuambia amepata kazi ya kuchoronga, mpongeze, kisha muulize: mnachoronga na maji au kukavu? Akisema kukavu, mwambie asiwashe mashine mpaka amuulize msimamizi maji yako wapi, na aulize pamoja na wenzake, asiende peke yake. Siku swali hilo likiulizwa na familia za kutosha, wenye migodi watalazimika kuwa na jibu.

Tukikaa kimya, tutakutana tena kwenye michango ya rambirambi. Na hapo naomba asitokee mtu wa kutuambia kwamba ajali haina kinga.